Doti, Sindano na Zawadi: Ushonaji wa Nyumbani Tabora na Kando ya Njia ya Misafara

Ushonaji wa nyumbani, yaani kazi ya kukata, kushona na kupamba nguo kwa ajili ya familia na kwa ajili ya zawadi bila ya kuifanya kuwa njia ya riziki, umepitwa haraka na wengi walioandika historia ya Afrika Mashariki, pengine kwa kuwa hufanyika ndani ya ua na hauachi mihuri wala daftari za hesabu. Hata hivyo Tabora, pamoja na miji mingine iliyokua kando ya njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, ni mahali panapofaa sana kuichunguzia kazi hiyo, kwa sababu kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 kitambaa katika nchi hiyo kilikuwa fedha: kwa kitambaa mpagazi alilipwa ujira wake, kwa kitambaa watemi walipokea ushuru wa njia, kwa kitambaa chakula na pembe za ndovu zilinunuliwa, na kwa kitambaa hicho hicho binadamu waliuzwa. Sindano ya nyumbani ndiyo iliyokitoa kitambaa katika hesabu ya bei na kukifanya kuwa vazi la mtu anayejulikana kwa jina, au zawadi ambayo mpokeaji hawezi kuiuza bila ya kumvunjia heshima aliyempa. Na hapo ndipo ilipo thamani ya kazi hii hata leo, wakati ambapo nguo za dukani na mitumba zimekuwa rahisi kuliko wakati wowote uliopita.

Kabla ya majora ya pwani

Watu wa Unyamwezi, nchi ambamo Tabora imo, hawakungoja misafara ya pwani ndipo wajue kuvaa. Nchi yao imefunikwa na misitu ya miyombo, ambayo magome yake hutoa nyuzi imara za kufungia na kushonea, na magome hayo yalipondwa na kulainishwa yakawa nguo, au yakakunjwa na kushonwa yakawa vilindo, yaani makasha ya mviringo ya kuhifadhia nafaka na vitu vya thamani. Ngozi za mbuzi na za wanyama wa porini zilikunwa, zikatiwa mafuta na kuunganishwa kwa nyuzi, ili zivaliwe hasa na wale ambao hawakuwa na uwezo wa kupata pamba. Upande wa kaskazini, njia iliyotoka Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, kupitia Karagwe iliwafikisha wasafiri Buganda, ambako nguo za gome la mti wa mutuba zilifikia ustadi mkubwa kiasi kwamba mwaka 2005 UNESCO ilizitangaza kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa binadamu. Na upande wa magharibi, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, watu wa Manyema walifuma nguo kwa nyuzi za majani ya mwale, yaani mti wa jamii ya mnazi utoao nyuzi ndefu na laini.

Pamba nayo ilikuwapo. Katika Unyamwezi na Ufipa wafumaji walisokota nyuzi kwa mkono na kufuma vitambaa vizito kwa kitanda cha mfumi kilicholazwa chini, na Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kazeh, ambayo leo ni sehemu ya Tabora, mwezi wa Novemba mwaka 1857, aliingiza katika kitabu chake cha mwaka 1860 mchoro wa iwanza ukiwa na vitanda vya mfumi pembeni. Iwanza ilikuwa nyumba ya wazi ya wanaume wa kijiji, ambamo waliketi mchana kuzungumza, kuvuta tumbaku na kufanya kazi za mikono zisizohitaji haraka. Mchoro huo unaonyesha jambo ambalo husahauliwa kwa urahisi, kwamba kazi ya nguo katika nchi hii haikuwa ya wanawake peke yao, na kwamba ilifungamana tangu zamani na mazungumzo na mapumziko, wala haikuwa mzigo wa kujitafutia chakula tu.

Kitambaa kilipokuwa fedha

Mabadiliko makubwa yaliletwa na kitambaa cha pamba kisichopaushwa, ambacho kwa kuwa kilitoka Marekani kiliitwa merikani. Marekani na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, walitia saini mkataba wa biashara mwaka 1833, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem katika jimbo la Massachusetts akawa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani katika Zanzibar. Merikani ilipendwa kwa sababu ilikuwa nzito, ilidumu, na haikutiwa wanga mwingi wa kudanganya macho. Lakini vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya mwaka 1861 hadi 1865 vilipopunguza pamba sokoni, vitambaa vya Uingereza na India vilichukua nafasi yake, na jina likabaki likitumiwa kwa kitambaa cha namna hiyo popote kilikofumwa.

Pamoja na merikani ilikuwapo kaniki, yaani kitambaa cha pamba kilichotiwa rangi ya buluu nzito inayokaribia weusi, na vilikuwapo vitambaa vya rangi na mistari vilivyoagizwa hasa kutoka India na Uarabuni. Kipimo cha msingi kilikuwa shuka, yenye urefu wa yadi 2, ambazo ni karibu sentimita 183. Shuka mbili zilifanya doti moja ya yadi 4, na kitambaa kizima kilichoviringishwa kama kilivyotoka kiwandani kiliitwa jora. Majora yalifungwa kwa kamba yakawa mtumba wa frasila mbili hivi, yaani karibu kilo 32, na mzigo huo ndio uliobebwa begani na wapagazi wa Kinyamwezi, ambao kwa ustadi wa safari walikuwa mhimili wa biashara yote.

Mwandishi wa magazeti Henry Morton Stanley, alipokuwa akijiandaa Zanzibar mwaka 1871 kwenda kumtafuta David Livingstone, alielezwa kwamba watu 100 wangehitaji doti 10 kila siku kwa ajili ya chakula, na kwa hesabu hiyo akanunua doti 2,000 za merikani, doti 1,000 za kaniki na doti 650 za vitambaa vya rangi, jumla ya doti 3,650 ambazo zingefika urefu wa zaidi ya kilomita 13 kama zingetandazwa. Aliandika pia kwamba miongoni mwa vitambaa hivyo vya rangi barsati ilipendwa sana Unyamwezi na sohari ilipokewa Ugogo, na maelezo hayo yana uzito kuliko yanavyoonekana, kwa maana yanathibitisha kwamba watu wa bara walikuwa wateja wenye kuchagua. Msafara uliofika na kitambaa kisichopendwa mahali hapo ulikuwa na mzigo mzito usionunua hata unga, na kwa hiyo chaguo la mnunuzi wa Unyanyembe lilirudi nyuma hadi kwa mfanyabiashara wa Zanzibar, na kupitia kwake hadi viwandani.

Kitambaa kilichopokewa kama ujira hakikuwa bado nguo. Shuka ambayo imekatwa kutoka katika jora huwa na ncha mbili zilizo wazi, ambazo nyuzi zake huchomoka kila inapofuliwa, na mtu aliyetaka idumu alilazimika kuikunja ncha na kuishonea, yaani kuitia upindo. Na aliyetaka nguo pana zaidi aliunganisha shuka mbili ubavu kwa ubavu. Hivyo doti nyingi zilizoacha kuwa fedha na kuwa mavazi zilipita katika mkono wa mtu mwenye sindano.

Jinsi mtumba wa nguo ulivyokuwa jambo la kawaida katika njia hiyo inaonekana katika safari ya mwisho ya Livingstone. Mmisionari huyo aliachwa na Stanley huko Kwihara, karibu na Tabora, mwezi wa Machi mwaka 1872, akaishi katika tembe, yaani nyumba ya udongo yenye paa la tambarare, hadi Agosti mwaka huo, na akafariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambacho leo kiko Zambia. Wafuasi wake, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, waliukausha mwili, wakauzungushia kitambaa cha pamba, wakauingiza katika gome la mti, kisha wakashonea turubai juu yake. Walipopita Unyanyembe wakasikia kwamba wenyeji wa Kasekera hawatakubali maiti ipite kwao, waliufunga upya ukawa na sura ya mtumba wa kawaida wa nguo, na wakatuma watu warudi nyuma na mzigo wa bandia kana kwamba wanakwenda kuzika. Mtumba wa kweli ulipita bila ya kuulizwa, ukafika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874, na mwili ukazikwa katika kanisa la Westminster, London, tarehe 18 Aprili mwaka huo.

Kutoka kaniki hadi kanga

Katika biashara ya watumwa mavazi yalikuwa alama ya hali ya mtu. Watumwa wengi walivaa kipande cha merikani au kaniki kisichoshonwa, na utumwa ulipoondolewa kisheria, Zanzibar mwaka 1897 na Tanganyika kwa sheria ya mwaka 1922, watu waliokuwa watumwa na watoto wao waliitangaza hali yao mpya kwa kuvaa nguo ambazo zamani hawakuruhusiwa au hawakuzimudu. Wanawake waliichagua kanga. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba nguo hiyo ilizaliwa pwani katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 kwa kazi ya sindano: leso za mraba, ambazo ziliuzwa zikiwa hazijatenganishwa, zilikatwa tatu tatu, na safu mbili zikashonwa pamoja zikawa nguo moja pana, kabla ya wafanyabiashara kuanza kuagiza vitambaa vilivyochapwa tayari kwa mtindo huo.

Kanga iliingia Tabora kwa njia ile ile ya misafara, kisha kwa reli ya kati, iliyofika mjini humo mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Hadi leo jozi ya kanga huuzwa ikiitwa doti, ingawa urefu wake si ule wa yadi 4 za zamani, na kwa kuwa vipande viwili huuzwa vikiwa vimeungana, mnunuzi huanza kwa kuvikata na kuvipinda. Kwa wasichana wengi upindo wa kanga ndio mshono wa kwanza kufundishwa na mama, shangazi au bibi.

Reli ilileta pia kitambaa cha bei nafuu na cherehani kwa wingi zaidi. Isaac Singer alipata hataza ya cherehani yake huko Marekani mwaka 1851, na mashine ya namna hiyo hushona kwa nyuzi mbili, mmoja ukishuka na sindano kutoka juu na mwingine ukitoka katika bobini, yaani kigurudumu kidogo kilicho chini ya bamba, ili nyuzi hizo zishikane katikati ya kitambaa na mshono usifumuke kwa kuvutwa. Katika miji ya Afrika Mashariki cherehani ilikaa kwanza barazani mbele ya maduka ya Wahindi, ikikanyagwa na mafundi ambao wengi wao walikuwa wanaume, huku kazi za sindano ya mkono zikibaki ndani ya nyumba. Na mgawanyo huo wa fundi wa baraza na mshonaji wa uani bado unaonekana Tabora, ingawa si mkali kama zamani.

Vita Kuu ya Kwanza ilionyesha kwamba ustadi wa zamani haukuwa umekufa. Meli za Kiingereza zilipoifunga pwani ya koloni la Wajerumani, ambamo Tabora ilikuwamo, vitambaa vya nje vilikauka madukani, na watu wakarudia kusokota pamba na kufuma kwa mikono, mpaka nguo za askari zikatiwa rangi ya khaki itokanayo na mti uitwao ndaa. Majeshi ya Ubelgiji yaliiteka Tabora tarehe 19 Septemba 1916, na chini ya utawala wa Waingereza uliofuata, shule za misheni na za serikali ziliwafundisha wasichana ushonaji, somo ambalo baadaye lilijumuishwa katika sayansi kimu, yaani elimu ya chakula, mavazi na utunzaji wa nyumba. Vilabu vya wanawake vya miaka ya 1950 vilifundisha kukata magauni na kudarizi, na baada ya uhuru Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, ulioanzishwa mwaka 1962, uliendeleza madarasa ya namna hiyo. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, kilizifikisha kanga na vitenge vya nchini katika kila wilaya, na mji wa Tabora wenyewe ulipata kiwanda cha kusokota nyuzi, jambo la haki kwa mkoa ambao wakulima wake wa Igunga na Nzega hulima pamba.

Zawadi zinazoshonwa nyumbani

Katika desturi za Waswahili na za majirani zao wa bara, nguo ina nafasi katika kila daraja la maisha ya mtu. Mtoto anapozaliwa mama huhitaji mbeleko ya kumbebea, na kipande cha kanga laini kilichopindwa vizuri pande zote, kikashonewa kitambaa cha pili katikati ili kihimili uzito, humfaa kuliko kanga mpya yenye wanga. Wakati wa posa na ndoa hutolewa mkaja kwa mama wa bibi arusi na kilemba kwa baba yake, ambavyo kwa asili vilikuwa nguo hasa, ya kwanza ya kujifunga tumboni na ya pili ya kichwani, ingawa siku hizi mara nyingi hulipwa fedha taslimu. Bibi arusi naye huandaliwa mashuka na foronya zilizodariziwa maua, ndege au majina, na jamaa wa kike huanza kazi hiyo miezi mingi kabla ya siku yenyewe.

Kudarizi ni kupamba kitambaa kwa nyuzi za rangi, na hufanywa kwa kukitandaza kitambaa katika fremu ya mviringo iliyobana ili kisijikunje. Mchoro huchorwa kwanza kwa penseli, kisha hufuatwa kwa mishono michache ya msingi: mshono wa mnyororo, ambao kila kitanzi hushikwa na kinachofuata, hufaa kwa shina na herufi, mshono wa kujaza, ambao nyuzi hulazwa sambamba bila ya kuachana, hufaa kwa majani na petali, na mshono wa msalaba hufaa kwa vitambaa vya meza kwa kuwa hufuata hesabu ya nyuzi za kitambaa chenyewe. Kufuma ni kazi nyingine, kwa kuwa hapo hakuna kitambaa cha kuanzia: uzi huvutwa kwa kulabu, kitanzi ndani ya kitanzi, mpaka ukawa kitambaa cha kutandika juu ya kochi au meza, na sebule nyingi za Tabora hupambwa hivyo kabla ya Iddi, Krismasi na arusi.

Kazi iliyo ngumu kuliko zote hizi ni kofia ya viua, ambayo chimbuko lake ni pwani na ambayo ilifuata Uislamu na misafara hadi Ujiji na Manyema. Kofia hiyo hutengenezwa kwa vipande viwili vya kitambaa cheupe, kimoja cha duara cha juu na kingine cha ukanda wa kuzunguka kichwa, na kila kipande huwa na matabaka mawili yaliyoshonwa pamoja kwa mistari iliyokaribiana. Baada ya mchoro kuwekwa, hutobolewa viua, yaani vitundu vidogo, na ukingo wa kila kitundu huzungushiwa uzi kwa sindano nyembamba ili usitatuke na ili kofia ipitishe hewa. Kofia moja nzuri huweza kuchukua wiki nyingi, na ndiyo maana mwanamke anapomshonea mumewe, mwanawe au mkwewe, watu huisoma thamani ya zawadi hiyo kwa udogo na usawa wa viua vyake. Nchini Oman, ambako familia nyingi zina asili ya Zanzibar, kofia iitwayo kumma, iliyo ndugu ya hii, nayo hushonwa kwa mikono majumbani.

Kanga inaposhonwa kuwa zawadi ina masharti yake. Nguo hiyo ina pindo, ambalo ni ukingo wa nakshi unaozunguka pande zote. Ina mji, ambao ni eneo la katikati. Na ina jina, ambalo ni maandishi yaliyo karibu na pindo la chini. Anayekata kanga ili ashone gauni, mto au mkoba hulipanga pindo likae mahali pa kuonekana, kama vile kwenye mzingo wa sketi au mdomo wa mkoba, na huepuka kulikata jina, kwa sababu jina lililokatwa nusu huweza kupoteza maana au kuleta maana isiyokusudiwa. Vilevile huchagua jina kwa uangalifu, kwa kuwa mpokeaji na majirani zake watalisoma kabla ya kuuangalia mshono.

Kuanza bila ya gharama kubwa

Mtu anayetaka kuanza hahitaji cherehani. Sindano za ukubwa tofauti, nyuzi za pamba, mkasi unaotumika kwa kitambaa tu, futi kamba ya kupimia, chaki, pini, pasi, na subana, yaani kikombe kidogo cha chuma cha kukinga ncha ya kidole, vinatosha kwa kazi za miezi mingi. Akiona kwamba kazi inamfaa, cherehani ya kuzungushwa kwa mkono au ya kukanyaga iliyotumika, ya Singer au ya Butterfly, humfaa kuliko ya umeme, hasa mahali ambapo umeme hukatika, na vipuri vyake hupatikana kwa mafundi wa kawaida.

Kitambaa cha pamba hufuliwa na kupigwa pasi kabla ya kukatwa, kwa sababu pamba mpya hunywea, na vazi lililokatwa kabla ya kufuliwa huweza kukataa kumwingia mwenyewe baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Kanga na vitenge vyenye rangi nzito huloweshwa peke yake ili rangi ya ziada itoke. Kisha hutazamwa uelekeo wa nyuzi. Nyuzi zinazokwenda kwa urefu wa jora huitwa mtande, na zile zinazopita kwa upana huitwa mshindio; mtande haunyumbuki sana, na hivyo urefu wa gauni au suruali hufuata mtande, ilhali kitambaa kilichokatwa mshazari, yaani kwa kukingama, hunyumbuka na hufaa kwa kuzungushia shingo na makwapa. Makosa mengi ya wanaoanza hutokana na kutouheshimu uelekeo huu, na hakuna pasi inayoweza kuyarekebisha.

Foronya ni kazi nzuri ya kwanza, kwa sababu ina mishono ya moja kwa moja na haina kipimo cha mwili. Kwa mto wenye upana wa sentimita 50 na urefu wa sentimita 70 hukatwa kipande kimoja chenye upana wa sentimita 53 na urefu wa sentimita 164, ambamo sentimita 70 ni za mbele, 70 za nyuma, 20 za mfuniko wa ndani, na zinazobaki ni za upindo na mshono. Ncha mbili fupi hupindwa. Kitambaa hukunjwa uso kwa uso mpaka mbele na nyuma zilingane, na mfuniko hukunjwa juu yake. Pande mbili za ubavu hushikizwa kwa mishono mirefu ya muda, kisha hushonwa kwa umbali wa sentimita 1.5 kutoka ukingoni. Anayeshona kwa mkono hutumia mshono wa kurudia nyuma, ambao kila hatua ya sindano huanzia nyuma ya pale ilipotokea, na mshono huo hukaribia uimara wa cherehani. Foronya ikigeuzwa, mfuniko huingia ndani na kuushika mto bila ya kifungo.

Kutoka hapo mshonaji huweza kwenda kwenye mkoba wa soko, aproni, na gauni la mtoto, ambalo ruwaza yake, yaani kielelezo cha karatasi cha kukatia, huchukuliwa kwa kulilaza gauni kuukuu juu ya gazeti na kulichora kwa kuongeza nafasi ya mshono. Vipande vinavyobaki kwa mafundi wa vitenge, ambavyo mara nyingi hutupwa au hupatikana kwa bei ndogo, huunganishwa vikawa vifuniko vya mito, vishikio vya sufuria na shuka za viraka za watoto, mradi tu vipande vizito visichanganywe na vyepesi, kwa maana kizito hukichana chepesi kila vinapofuliwa.

Thamani yake ni ipi

Ni kweli kwamba shati la mtumba huweza kununuliwa kwa fedha ndogo kuliko kitambaa chake kingegharimu, na anayehesabu saa zake kwa ujira wa fundi ataona kwamba ushonaji wa nyumbani haulipi. Hesabu hiyo ni sahihi kwa biashara, lakini inapotumiwa kwa zawadi inarudisha kitambaa katika hali ya doti ya mpagazi, ambayo thamani yake ilikwisha mara ilipobadilishwa na unga. Foronya yenye jina la bibi arusi haikusudiwi kushindana na ile ya dukani. Inakusudiwa kumwambia kwamba mtu fulani alimkumbuka kwa jioni nyingi mfululizo, na hilo halina duka.

Kwa sababu hiyo si busara kumhimiza kila mshonaji wa nyumbani ageuze kazi yake kuwa mradi. Anayetaka kuishi kwa ushonaji anazo njia, zikiwamo mafunzo ya ufundi ya VETA na huduma za SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973; lakini anayeshona kwa raha yake na kwa ajili ya watu wake anatunza ustadi ambao ukipotea majumbani hautarudishwa na kiwanda chochote. Tanzania iliiweka njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, pamoja na Kwihara na Ujiji, katika orodha yake ya awali ya urithi wa dunia mwaka 2006, na wanaoitembelea tembe ya Livingstone huonyeshwa ramani, picha na barua. Ingefaa pia waonyeshwe shuka ya merikani, kaniki na kofia ya viua, na waelezwe ni mikono ya nani iliyozipinda. Wazazi nao wasingoje makumbusho: wampe mtoto wa kike na wa kiume pia sindano, kipande cha kanga kuukuu na mtu mzima wa kukaa naye, na waanze na upindo.